Kabla ya Kuchagua Jumamosi, Uliza Maji Yanajaa Lini

*Majibu ya maswali ya wasomaji kuhusu matembezi ya siku moja kutoka Dar es Salaam*

SWALI: Ndugu Mhariri, tunataka kumpeleka mama mkwe wangu pamoja na watoto Bagamoyo, twende asubuhi na kurudi jioni. Mama ni mtu mzima, hawezi kutembea mwendo mrefu juani. Majirani zetu walikwenda mwezi uliopita wakarudi wakinung'unika kwamba bahari waliikuta iko mbali na watoto wakaishia kuchezea tope. Je, siku moja inatosha, na tuanzie wapi?
*Msomaji, Tabata*

JIBU: Siku moja inatosha, kwa kuwa Bagamoyo iko umbali wa kilomita 70 hivi kaskazini mwa jiji na barabara ni ya lami mwanzo hadi mwisho. Kinachowaharibia watu siku si umbali bali ni kuchagua tarehe kwa kutazama kalenda ya ukutani peke yake. Pwani ya Bagamoyo ina kina kidogo, na maji yakipwa hurudi nyuma mbali sana. Majirani zenu bila shaka walifika mjini asubuhi, wakazunguka magofuni, kisha wakateremka ufukweni alasiri ya maji mafu (siku ambazo mwezi ni nusu), ambapo katika pwani yetu maji hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kufikia kupwa kabisa mnamo saa kumi jioni, yaani saa ileile ambayo familia nyingi hutaka kuoga.

Chagueni siku ya bamvua, yaani ya maji makubwa. Mwezi unapoandama, na vilevile unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hupwa asubuhi na kujaa baina ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Kila siku inayofuata, saa ya kujaa husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50, na baada ya wiki moja mambo yamekwisha kugeuka. Mwenye kufuata tarehe za Kiislamu atakuwa amekwisha kunielewa: Jumamosi au Jumapili inayoangukia siku mbili tatu za mwanzo wa mwezi, au zile zinazofuata tarehe 15, ndiyo yenu. Bamvua huja na maji mengi na mkondo wenye nguvu, kwa hiyo watoto wasiachwe waoge bila mtu mzima kuwa majini pamoja nao.

Asubuhi anzieni Kaole, kiasi cha kilomita tano kusini mwa mji, kabla jua halijawa kali. Hapo yapo magofu ya misikiti, wa zamani zaidi ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa. Mwonyesheni mama vile vishimo vya duara vilivyochongwa katika nguzo: humo ndimo yalimopachikwa mabakuli ya kauri yaliyoletwa kwa majahazi kutoka China. Kaole ilikuwa mji wa bandari kabla ya Bagamoyo, na wenyeji hueleza kwamba ilihamwa kwa sababu mikoko na matope vilifunga njia ya vyombo. Ukisimama hapo na kutazama upande wa bahari, huioni bahari, unaona mikoko, na maelezo hayo hayahitaji ushahidi mwingine. Baadhi ya makaburi bado huzuriwa na watu wenye dua zao, kwa hiyo mtu asikalie kaburi ili kupigwa picha, na kanga ya kujitanda haitakuwa mzigo. Chukueni mwongozaji wa mahali hapo. Watoto wataambiwa wauzunguke mbuyu ili waongeze umri, na sioni sababu ya kuwanyima.

Kutoka Kaole nendeni misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868 na ambayo ilikuwa na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mama mkwe atapapenda, kwa sababu kuna vivuli vya miembe na mahali pa kukaa. Mwili wa David Livingstone, uliobebwa na wahudumu wake Susi, Chuma na wenzao kwa miezi mingi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, ulilazwa katika kanisa la hapo mwezi Februari mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Wageni wengi huja kwa ajili ya jina la Livingstone. Mimi ningewaambia watoto zaidi habari za wale waliombeba. Kisha watafute mbuyu ambao ulifungwa mnyororo wa kumfungia punda mwishoni mwa karne ya 19: shina limenenepa na kuumeza, na kilichobaki nje ni kipande kifupi tu cha chuma.

Mji Mkongwe upiteni kwa gari au bajaji, mkisimama penye Boma la Wajerumani na Ngome Kongwe. Msilazimishe kila jengo. Chakula cha mchana kiwe samaki wa kukaanga karibu na soko la samaki, na kuanzia saa tisa ufukwe ni wa watoto. Ondokeni kabla ya magharibi, kwani foleni ya Bunju hadi Mwenge jioni ya Jumapili ni adhabu, na kwa mtu mzima ni adhabu mara mbili.

SWALI: Kikundi chetu cha kazini kinapanga kwenda kisiwa cha Mbudya mwezi wa saba. Kuna wenzetu wanaogopa mawimbi. Je, wana haki ya kuogopa?
*Msomaji, Kinondoni*

JIBU: Wana haki, ingawa si ya kuwafanya wabaki nyumbani. Mwezi wa saba ni kipindi cha kusi, upepo utokao kusini, na upepo huo kwa kawaida huongezeka kadiri mchana unavyokwenda, hivyo safari ya saa tatu asubuhi na ile ya saa kumi jioni si safari moja. Vukeni mapema kutoka Kunduchi na mkubaliane na nahodha saa ya kurudi kabla ya kupanda, si mkiwa kisiwani. Kila mtu avae jaketi la kuokolea tangu ufukweni. Boti isiyo na jaketi za kutosha iacheni iende zake. Ufukwe mnaokwenda uko upande unaotazama bara, kwa hiyo mkishafika mtakuta maji yametulia kuliko mlivyodhani njiani. Mbudya, kama Bongoyo, ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo kuna ada ya kuingia, na matumbawe na kombe hai haviguswi wala kubebwa. Maji ya kunywa bebeni kutoka bara. Kabla ya kuvuka au baada ya kurudi, tengeni nusu saa kwa magofu ya Kunduchi yenye msikiti na makaburi ya nguzo, ambayo wakazi wengi wa jiji hili huyapita kila siku bila kujua kwamba yapo.

SWALI: Mimi na mume wangu tuna siku moja tu ya mapumziko. Je, kwenda Unguja na kurudi siku hiyohiyo kuna maana, au ni kupoteza nauli?
*Msomaji, Mbagala*

JIBU: Kuna maana iwapo mtaridhika na Mji Mkongwe peke yake. Boti ya mwendo kasi huchukua kiasi cha saa mbili kila upande. Mkiondoka na ya asubuhi na kurudi na ya alasiri, mtakuwa na saa chache, nazo zinatosha soko la Darajani, kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, na kupotea kidogo vichochoroni. Msiahidiane kuingia Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, kabla ya kuulizia, kwa kuwa sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Vyakula vya Forodhani navyo hupangwa jioni, wakati nyinyi mko baharini mnarudi. Anayevitaka hivyo sharti alale. Katika mwezi wa Ramadhani sehemu nyingi za kula hufungwa mchana, na mgeni hatarajiwi kula hadharani. Bebeni vitambulisho.

SWALI: Je, Kilwa Kisiwani inawezekana kwa siku moja?
*Msomaji, Temeke*

JIBU: Hapana. Ni takriban kilomita 300 kwa barabara hadi Kilwa Masoko, na bado kuna kuvuka kwa chombo. Ondokeni Ijumaa, mlale Masoko, mvuke Jumamosi asubuhi, na mrudi Dar es Salaam Jumapili.