Baba Hakulogwa

Juzi kijana mmoja wa Uyole kaniandikia: "Kaka, nina miaka 34, kilo 62, kila Jumapili nipo uwanjani. Mafuta kwenye damu yananihusu nini?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Mimi nilikuwa na kilo 64.

Baba alianguka kwenye shamba lake la kahawa, Kiwira, mwaka 1996, akiwa na miaka 46. Asubuhi alisema kifua kinambana na taya linamuuma, akalisingizia jino. Saa tano tukaletewa habari. Mtu mwenye nguvu zake, pombe hagusi, hospitali haijui: kwetu kifo cha hivyo kina jibu moja tu. Na mwezi uliotangulia alikuwa amegombana na baba mkubwa kwa ajili ya mpaka wa migomba. Basi, kesi ikaisha hapo hapo msibani. Tangu matanga hatukula tena kwake. Harusi yangu sikumwalika, na nilijivunia.

Miaka 23 baadaye nami nikaanza kubanwa kifua kila nikipandisha kilima na mzigo. Zahanati moja ikaniambia ni vidonda vya tumbo. Nikameza dawa za tumbo miezi minane. Hilo bado linaniuma, sitaficha. Mwishowe daktari mwingine, hapa hapa Mbeya mjini, akaagiza kipimo cha lehemu, yaani kolesteroli, hayo mafuta ya kwenye damu. Ile mbaya, LDL, ikasoma milimoli 6.3 kwa lita. Kwa mtu wa kawaida wanapenda isivuke 3, ikifika 4.9 wanaanza kuuliza habari za ukoo.

Akauliza. "Mzee alifariki na miaka mingapi?" Nikamjibu. Akaniambia nivue soksi, akaminya mshipa mnene wa nyuma ya kisigino. Ulikuwa na vinundu vigumu. Baba alikuwa navyo hivyo hivyo! Sisi tulisema ni mabuti ya shamba yanambana. Kumbe ni lehemu imejikusanya pale. Ini letu limezaliwa halina uwezo wa kuiondoa vizuri kwenye damu, na kila mtoto wa mwenye tatizo hili ana nusu kwa nusu ya kulirithi. Duniani ni kama mtu 1 kati ya 250.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Uyole, wembamba si kinga. Mpira mzuri, endelea nao, lakini haufuti ulichorithi. Kaa na mama yako, muulize wanaume wa kwenu walikufa wakiwa na miaka mingapi na walijishika wapi mwilini kabla ya kuanguka. Baba au kaka akipatwa na ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65, wewe nenda kapime. Sema lehemu, maana ukisema "nipime" tu watakupima presha na sukari wakurudishe nyumbani.

Wengi huniuliza kuhusu parachichi za Rungwe. Kula. Mawese ya Kyela ndiyo upunguze, na ngozi ya kitimoto, na sigara uache kabisa, nisikudanganye. Ila kwa sisi wa kurithi chakula peke yake hakitoshi. Mimi nameza atorvastatini, dawa ya kushusha lehemu, kila usiku na LDL imeshuka hadi 3. Majibu yakiwa mazuri ni dawa inafanya kazi, usiiache ukakimbilia kitunguu saumu cha wauzaji wa stendi. Wanaume tunapenda sana kujiona tumepona.

Baada ya majibu nilipanda gari hadi Kiwira. Baba mkubwa alikuwa amekaa barazani, mzee kabisa. Nikapiga magoti, nikaeleza visigino, ini, yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaita ndizi zipakuliwe. Tulipokuwa tunanawa akauliza, "Na ule mpaka, mnautaka?"

Mdogo wangu wa damu yuko Tunduma, anaendesha lori, ana miaka 39. Bado anasema baba alilogwa. Nimemtumia nauli ya kuja kupima mara mbili.