Mapanga yanazunguka lakini betri haichaji

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nimechonga mapanga matatu ya mbao, mita 1.8 kutoka ncha hadi ncha, nikayafunga moja kwa moja kwenye shafti ya alternata ya gari. Upepo wa kawaida ukivuma yanazunguka vizuri, lakini betri ya volti 12 haiingizi chaji hata kidogo. Alternata niliipima ikiwa kwenye gari, ni nzima. Naomba unieleze umeme wa upepo unazalishwaje hasa, na nimekosea wapi.

JIBU: Alternata yako ni nzima, na mapanga pia huenda hayana kosa. Tatizo ni kuvifunga pamoja.

Umeme huzalika sumaku inapopita mbele ya koili ya waya. Volti zinazopatikana hutegemea ukali wa sumaku, idadi ya raundi za waya, na kasi ya sumaku kupita. Kasi ikipanda mara mbili, volti nazo hupanda mara mbili. Betri kwa upande wake haipokei kitu mpaka jenereta iizidi volti. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6, na kabla ya kuifikia, umeme hupita kwenye dayodi mbili (vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu), ambazo kila moja hula volti 0.7. Kwa hiyo chini ya volti 14 hivi, mapanga yanazunguka bure hata yakipendeza machoni.

Sasa tazama kasi yako. Mapanga matatu membamba yaliyochongwa vizuri, ncha zake hukimbia kama mara 6 ya kasi ya upepo. Upepo wa mita 4 kwa sekunde utazipeleka mita 24 kwa sekunde, na kwa kuwa mzingo wa duara lako ni mita 5.65, hiyo ni mizunguko 255 kwa dakika. Alternata ya gari huanza kuchaji ikishapita mizunguko 1,000 kwa dakika, nyingine 1,500. Ndiyo maana kwenye gari hupewa puli ndogo, izunguke mara mbili hadi tatu ya injini. Ili mapanga yako yafike 1,000 unahitaji upepo wa karibu mita 16 kwa sekunde, na huo si upepo wa kila siku.

Najua wazo linalofuata: kuongeza kasi kwa mkanda na puli. Mkanda utakupa kasi, ila hautakupa nguvu. Nguvu iliyomo kwenye upepo ni nusu ya uzito wa hewa (kilo 1.225 kwa mita ya ujazo), mara eneo linalofagiwa na mapanga, mara kasi ya upepo kwa kipeo cha tatu. Eneo lako ni mita za mraba 2.54, hivyo upepo wa mita 4 kwa sekunde una wati 100. Huwezi kuzichukua zote, kwa sababu hewa iliyonyang'anywa mwendo wote ingesimama nyuma ya mapanga na kuziba njia. Kikomo kilichokokotolewa na Mjerumani Albert Betz ni asilimia 59.3. Mtambo mdogo wa kutengeneza mwenyewe, ukihesabu na hasara za jenereta na nyaya, ukipata asilimia 25 umefanya kazi nzuri. Basi una wati 25. Alternata ya gari haina sumaku ya kudumu. Sumaku yake ni koili inayokula kama ampia 3 kutoka kwenye betri ileile, yaani wati 36. Hapo betri ndiyo inayoulisha mtambo.

Upepo ukifika mita 8 kwa sekunde, wati 25 zinakuwa 200, kwa sababu ya kile kipeo cha tatu. Ndiyo sababu kuinua mnara hulipa kuliko kurefusha mapanga. Panga linapopita chini kabisa liwe juu kwa mita 10 hivi kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 100, la sivyo litakula upepo wa vurugu.

Unachohitaji ni jenereta ya sumaku za kudumu iliyoundwa kwa kasi ndogo. Muundo unaojengeka kwa mkono ni sahani mbili za chuma zinazotazamana, kila moja ikiwa na sumaku 12 za niodimiamu, kaskazini na kusini zikipishana. Katikati yake hukaa koili 9 zilizomiminiwa rezini: fezi tatu, yaani makundi matatu yanayotoa umeme kwa kupokezana, koili tatu kila fezi. Kwa kuwa koili hazina chuma ndani, sumaku haziing'ang'anii shafti, na mapanga huanza kwa upepo mdogo. Sahani zikutanishe kwa boliti ndefu, polepole. Zikirukiana zinaponda vidole.

Kabla ya kuupandisha mnarani, unganisha fezi kwa mtindo wa nyota (ncha moja ya kila fezi zifungwe pamoja, tatu zilizobaki ziwe nyaya za kutoka), zungusha jenereta mzunguko mmoja kwa sekunde, na upime volti za mkondo geu (umeme unaogeuza mwelekeo kila mara) kati ya nyaya mbili mbili. Unatafuta kama volti 3. Zikipatikana, kwenye mizunguko 200 kwa dakika utakuwa na volti 10, ambazo kilele chake ni 14: chaji inaanza upepo ukizidi mita 3 kwa sekunde tu. Kipimo cha volti kikibabaika kwa mwendo huo mdogo, zungusha kwa drili. Jozi zote tatu zisome sawa. Mbili zikisoma chini na moja ikiwa juu karibu mara 1.7, fezi moja imefungwa kinyume. Tofauti ikiwa ndogo kuliko hiyo, kagua koili moja moja ndani ya fezi. Iliyogeuzwa hufuta kazi ya mwenzake.

Waya nao huua mitambo mingi. Wati 200 kwa volti 12 ni karibu ampia 17. Kwenye umbali wa mita 20, waya wa milimita za mraba 2.5 utapoteza zaidi ya volti 4 kwenda na kurudi. Wa 10 utapoteza moja na kidogo.

La mwisho ni la usalama. Usitumie kidhibiti chaji cha sola kinachokata umeme betri ikijaa. Paneli ikikatwa hukaa kimya, lakini mapanga yakikosa mzigo hupaa kasi mpaka yavunjike. Tumia kidhibiti kinachohamishia umeme kwenye hita au rezista kubwa. Karibu na mnara weka swichi ya kuunganisha nyaya tatu za fezi pamoja: shafti huwa nzito kana kwamba imezama kwenye grisi, na mapanga hubaki yakijivuta. Swichi hiyo iunganishe upepo ukiwa bado mdogo, kwa kuwa kwenye upepo mkali mapanga yanaweza kuishinda breki hiyo na kuunguza koili.