Bili za maji za kampuni binafsi: halmashauri ina meno gani?

SWALI: Kampuni binafsi inayotuuzia maji imepandisha bei awamu mbili ndani ya miaka mitatu. Madiwani wamepitisha azimio la kulaani, kisha wakatuambia kuwa bei si kazi yao, ni kazi ya mdhibiti. Ni kweli halmashauri haina la kufanya? Na je, tukiunyang'anya mradi huu mikononi mwa kampuni, bili zitashuka? (Mjumbe wa kamati ya wakazi)

JIBU: Ndugu mjumbe, madiwani wako wamesema nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba mahali pengi halmashauri haipangi bei ya maji. Lakini mdhibiti anayeipanga huamua kwa kupima hoja zilizoletwa mezani kwake. Nimekaa kwenye vikao hivyo kama mkaguzi wa bei: kampuni inakuja na wanasheria, wahasibu na wahandisi, na upande wa walipaji wanakuja watu wachache wenye bili mkononi na uchungu moyoni. Azimio la kulaani linapokelewa na kuwekwa kwenye jalada. Haliwezi kushusha bei, kwa sababu halimwonyeshi mdhibiti gharama ipi ikatwe.

Kwanza halmashauri ijue kampuni imeshika nini hasa. Kuna kampuni inayoendesha tu mitambo ya umma kwa ada. Kuna iliyokodishwa mtandao wa mabomba kwa miaka 20 au 30, ikiisha inaurudisha. Na kuna inayomiliki kila kitu, kuanzia chanzo hadi mita ya mlangoni. Katika hali mbili za kwanza, mkataba wenyewe ndio silaha, maana ndani yake mna viwango vya huduma, faini na kanuni ya kupandisha bei, na mara nyingi tangu utiwe saini hakuna aliyeusoma tena. Mji wa Berlin uliuza asilimia 49.9 ya kampuni yake ya maji mwaka 1999 kwa mikataba iliyofichwa. Mwaka 2011 wakazi walipiga kura ya maoni kulazimisha iwekwe hadharani, na ndani yake mlikuwa na kifungu kinachowahakikishia wawekezaji faida. Kwa hiyo kama mkataba wenu ni siri, anzieni hapo.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo bili inapozaliwa. Mdhibiti hujumlisha gharama za uendeshaji, uchakavu wa mitambo, kodi, na faida inayoruhusiwa juu ya mtaji uliowekezwa. Jumla hiyo anaigawanya kwa maji yatakayouzwa. Tuseme faida inayoruhusiwa ni asilimia 9. Kampuni ikizika bomba la milioni 100 litakalodumu miaka 50, bili za mwaka wa kwanza zinabeba milioni 9 za faida na milioni 2 za uchakavu. Ndiyo kusema kampuni inapata zaidi kwa kujenga kuliko kwa kukarabati, kwa sababu fedha ya ukarabati inarudi kama ilivyotoka, bila faida. Simaanishi kila bomba jipya ni ulaghai. Mabomba huzeeka na lazima yabadilishwe. Ila kila mradi uliomo kwenye maombi ya bei unastahili kuulizwa: ulihitajika? Zabuni ilishindaniwa? Umekamilika na unatoa maji, au walipaji wanalipia shimo?

Kisha fuateni maji yanayopotea. Hii ndiyo hoja ninayoiona ikiachwa mezani mara nyingi, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kampuni ikizalisha lita 100 na kuuza 60, wale waliolipa 60 wanabeba gharama ya zote 100. Mdhibiti akikubali kupanga bei kana kwamba upotevu hauzidi asilimia 25, gharama hiyo hiyo inagawanywa kwa lita 75, na sehemu ya bei inayotokana na uzalishaji inashuka kwa asilimia 20. Hasara inayobaki inakuwa ya wenye hisa, nao ndio wenye uwezo wa kutuma mafundi kuziba. Takwimu za upotevu zimo kwenye taarifa ambazo kampuni huzipeleka kwa mdhibiti. Mwanasheria wa halmashauri aziombe kwa barua.

Kinachotakiwa basi ni halmashauri kuomba kuwa mshiriki rasmi katika shauri la bei, asitumwe tu mtu wa kutoa maoni. Mshiriki rasmi, pale sheria inaporuhusu, anadai nyaraka, anahoji mashahidi wa kampuni, analeta mtaalamu wake, na anaweza kukata rufaa. Gharama ya mtaalamu inaweza kugawanwa na halmashauri jirani zinazohudumiwa na kampuni hiyo hiyo. Jambo la kuchunga ni muda: maombi yakishatangazwa, dirisha la kujiandikisha ni fupi, na vikao vya madiwani vina ratiba yake. Watoe idhini mapema, kabla maombi hayajaja.

Halmashauri ijikague pia. Baadhi hutoza kampuni ada ya kupitisha mabomba barabarani au tozo ya mapato, nayo inarudi kwa mkazi ndani ya bili. Ni vigumu kuisema kampuni huku sehemu ya ongezeko ikiingia kwenye mfuko wako.

Kuhusu kuuchukua mradi: inawezekana, lakini inategemea mnaingilia wakati gani. Paris ilisubiri mikataba yake iishe mwishoni mwa 2009, ikaanza na shirika lake la umma mwaka 2010, na mwaka 2011 ikashusha bei kwa asilimia 8. Missoula, jimbo la Montana nchini Marekani, haikuwa na mkataba wa kusubiri, kwani kampuni ilimiliki mtandao wote. Mji ulikwenda mahakamani mwaka 2014 na kukabidhiwa mtandao mwaka 2017, baada ya thamani yake kukadiriwa kuwa dola milioni 88.6. Claremont, California, ilijaribu njia hiyo hiyo. Wapiga kura waliidhinisha mkopo wa hadi dola milioni 135, lakini mwaka 2016 mahakama ikaukatalia mji, ukabaki na gharama za kesi. Hata mkishinda, mkopo wa kununulia unalipwa kwa bili zile zile. Mimi nashauri njia hii pale mkataba unapokaribia kuisha, au pale huduma yenyewe imeoza. Kwa hasira ya bei peke yake, hapana.

Wakati hayo yakiendelea, wapo wanaoshindwa kulipa mwezi huu, na hao hawawezi kungoja shauri. Halmashauri inaweza kuidai kampuni ikubali malipo ya awamu, isimkatie maji mwenye pingamizi ambalo halijaamuliwa, na iombe kwa mdhibiti bei nafuu kwa yuniti chache za kwanza. Inaweza pia kufungua dawati la kupokea bili zinazotiliwa shaka. Kabla ya kuja dawatini, kila mkazi afunge bomba zote za nyumba na kuitazama mita: kigurudumu chake kikizunguka, kuna uvujaji ndani, mara nyingi kwenye tangi la choo. Kisha ajaze ndoo ya lita 20 mara tano. Mita isogee lita 100, yaani sehemu ya kumi ya yuniti moja. Mita za zamani huwa zinapunguza zaidi kuliko kuzidisha, ila mahali penye mgao, hewa iliyojaa bombani inaweza kuizungusha kabla maji hayajafika. Dawati likikusanya vipimo vya namna hii mtaa kwa mtaa, pamoja na bili zilizokadiriwa bila mita kusomwa, huo ni ushahidi ambao mdhibiti hawezi kuupuuza.

Kwa hiyo katika kikao kijacho cha madiwani, ulizeni matatu: mkataba uko wapi, kampuni inatarajia kuwasilisha maombi ya bei lini, na nani ameteuliwa kuwawakilisha wakazi. Ukipata majibu, niandikie tena uniambatanishie jedwali la bei. Tutalipitia mstari kwa mstari.