Riali 120.500 si laki: fedha na vyeo vya nchi za Ghuba katika tafsiri

SWALI: Natafsiri mikataba ya kazi za Ghuba. Mmoja wa Oman umeandika mshahara wa mwezi "OMR 120.500", na mwenzangu kautafsiri "riali laki moja na ishirini elfu na mia tano". Je, ni sawa? Pia, niandike Ufalme wa Oman au Usultani wa Oman? Na Falme za Kiarabu ichukue upatanisho wa umoja au wa wingi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mwenzako kauzidisha mshahara mara elfu. Riali ya Oman ina baisa 1,000, kwa hiyo baada ya nukta huandikwa tarakimu tatu, si mbili kama tulivyozoea kwa shilingi na senti. OMR 120.500 ni riali mia moja na ishirini na baisa mia tano. Riali hiyo imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kiwango cha takriban dola 2.60, hivyo mshahara huo ni kama dola 313. Kwa tafsiri ya mwenzako zingekuwa dola zaidi ya laki tatu kwa mwezi, na hapo tu angepaswa kushtuka.

Kwenye mkataba andika kwa maneno kwanza, tarakimu zifuate: "riali za Oman mia moja na ishirini na baisa mia tano (OMR 120.500)". Usizikate sifuri za mwisho. Ukibakiza 120.5, atatokea wa kusoma "na baisa tano", ilhali baisa tano huandikwa 120.005, na baisa hamsini ni 120.050. Wala usiibadili baisa kuwa senti. Senti ni sehemu ya mia, baisa ni sehemu ya elfu. "Senti 500" za riali zingekuwa riali tano nzima.

Ikiwa nakala yako ni ya Kiarabu, kiasi hicho kitaonekana hivi: ١٢٠٫٥٠٠. Hapa ndipo wengi huteleza. Kialama mfano wa nukta, ٠, ni sifuri. Kiduara, ٥, ni tano. Mwenye mazoea ya tarakimu zetu hukiona kiduara akasema sifuri, akaziona sifuri akadhani ni nukta za desimali. Tena, ingawa maandishi ya Kiarabu huanzia kulia, tarakimu husomwa kutoka kushoto kama zetu.

Jirani za Oman hazifanani naye wala zenyewe kwa zenyewe. Dinari ya Kuwait na ya Bahrain zina fulusi 1,000 kila moja, basi nazo huchukua tarakimu tatu. Dirhamu ya Imarati (yaani Umoja wa Falme za Kiarabu) ina fulusi 100, riali ya Saudia ina halala 100, na riali ya Qatar, kwa kukuchanganya zaidi, ina dirhamu 100. Kwa hiyo usiandike "riali" kavu bila jina la nchi: riali moja ya Oman ni karibu riali 9.75 za Saudia, na Yemen na Iran nazo zina riali zao. Dirhamu nayo iko Moroko pia.

(Baisa na "pesa" yetu ni ndugu, zote zimetoka kwenye paisa ya Kihindi, enzi rupia ilipotumika pande zote mbili za bahari. Sarafu za shaba za Sultani Barghash wa Zanzibar za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, zilikuwa pesa za namna hiyo. Lakini leo "pesa" ni fedha yoyote ile, kwa hiyo kuiweka mahali pa baisa kutaupoteza mkataba.)

Sasa vyeo. Kanuni ni moja: mtazame mtawala. Oman ina sultani, kwa hiyo ni Usultani wa Oman. Kuiita Ufalme ni kosa. Ufalme ni wa Saudia, Jordan na Bahrain. Bahrain ina sharti la tarehe: mtawala wake alikuwa amiri hadi Februari 2002, ndipo akajitangaza mfalme, kwa hiyo hati ya 1995 isitaje "Mfalme wa Bahrain". Kuwait na Qatar zina amiri hadi leo. Ziandike Dola ya Kuwait, Dola ya Qatar (dola kwa maana ya nchi, si fedha). Kwa msomaji wa Tanzania, ambaye amiri kwake ni wa jeshi, ongeza "mtawala" mara ya kwanza. Hati za Oman za kabla ya 1970 zitakuwa na jina Usultani wa Maskati na Oman. Libakize hivyo hivyo.

Umoja wa Falme za Kiarabu ni jina lililokwisha kukaa, ingawa watawala wake si wafalme. Shirikisho hilo liliundwa tarehe 2 Desemba 1971 na imarati (nchi ndogo zenye watawala wao) sita, na Ras al-Khaimah ikawa ya saba Februari 1972. Dubai ni mojawapo, basi usiitumie kama jina la nchi kwenye kipengele cha uraia. Upatanisho humfuata Umoja: "Umoja wa Falme za Kiarabu umekubali", si "zimekubali". Ukifupisha kuwa Falme za Kiarabu, magazeti huandika "imekubali" kwa kufuata nchi, nami sioni ubaya. Ila kwenye mkataba unaoitaja Saudia au Jordan, ambazo ni falme za Kiarabu kwelikweli, ufupisho huo huleta utata. Hapo tumia Imarati.

Na uraia uandike "raia wa Oman". Mmanga ni neno la barazani, halifai kwenye mkataba.