Mfamasia amehama, cheti chake kimebaki ukutani

SWALI: Shikamoo mfamasia. Nina famasi ya rejareja hapa Morogoro. Mfamasia wangu msimamizi amepata ajira mkoa mwingine na ameshahama. Tumekubaliana niendelee kumlipa kila mwezi, cheti chake kibaki dukani mpaka kibali cha mwaka huu kiishe. Anayehudumia wateja ni binti aliyemaliza kidato cha nne, mzoefu kabisa. Je, kisheria niko salama?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hauko salama, na makubaliano yenu hayakukingi na chochote. Msimamizi akiondoka, famasi haina msimamizi, hata kama kibali kina miezi mingi mbele. Liandikie Baraza la Famasi kwamba amehama, mrudishie cheti chake, na usitoe dawa mpaka msimamizi mwingine atambuliwe. Mfamasia huyo naye mwambie ajitoe kwa maandishi, maana jina lake ndilo litakaloitwa likitokea la kutokea, na Baraza lina mamlaka ya kumfuta kwenye daftari la wanataaluma.

Sasa nije kwenye linalonichosha. Nasikia kila mara wenye maduka wakisema “cheti kipo”, kana kwamba karatasi iliyo kwenye fremu ndiyo inayosoma dozi. Sheria ya Famasi ya 2011 inataka mtu mwenye taaluma asimamie dawa zinavyoagizwa, zinavyotunzwa na zinavyotolewa. Cheti kinaonyesha tu mtu huyo ni nani.

Na huo uzoefu wa binti yako, mimi siudharau. Anajua boksi lipi liko rafu ipi, anajua bei, anajua kuongea na wateja. Lakini chukua mzee anayetumia wafarini kwa sababu ya damu kuganda. Tumbo limemsokota, anakuja kuomba Flagyl. Binti anakata karatasi moja ya vidonge, anapokea hela, anarudisha chenji. Hakumuuliza mzee anatumia dawa gani nyingine, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba metronidazo, dawa iliyomo ndani ya Flagyl, huzuia ini kuivunja wafarini. Wafarini inazidi mwilini, na siku chache baadaye mzee anaweza kuanza kutoka damu. Dawa zote mbili ni halisi na hazijaisha muda. Kilichokosekana ni swali moja, na swali hilo ndilo unalomlipa mfamasia aulize.

Utaniambia mshahara wa mfamasia ni mkubwa. Najua. Lakini nchi hii ilishalifikiria tatizo hilo: mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003 ili watu walio mbali na famasi wahudumiwe na mtoa dawa aliyepata mafunzo, kwa orodha maalumu ya dawa. Kama mtaji hautoshi kuendesha famasi, uliza kama eneo lako linaruhusiwa kuwa na duka la aina hiyo, umpeleke binti kwenye mafunzo yanayotambuliwa. Usiendeshe famasi kamili kwa mgongo wa mtu asiyekuwepo.

Madalali wa vyeti ndio wanaoniudhi kuliko wote. Wanawafuata vijana waliotoka chuoni juzi, wanawaahidi hela ya kila mwezi bila kukanyaga dukani. Kijana, unapokubali, umeweka sahihi yako kwenye kila kidonge kitakachotoka pale, pamoja na diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, inayouzwa usiku bila cheti cha daktari wala kuandikwa kwenye rejista.

Nanyi wanunuzi, ulizeni. “Mfamasia yuko wapi?” si tusi. Mkijibiwa kila mara kwamba ametoka kidogo, toeni taarifa kwa mfamasia wa wilaya, na dawa mkanunue kwingine.