Swali la lugha: "utabiri wa kansa" na "usalama wa mimea dawa", mbona vinakaa vibaya?

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja nesi, yuko Mwanza. Naliweka kama alivyoliandika, nimepunguza salamu tu:

"Shikamoo mwalimu. Kazini tumeletewa karatasi ya maelezo ya utafiti, ile mgonjwa anasomewa kabla hajakubali kushiriki. Kichwa chake ni 'Usalama wa mimea dawa na utabiri wa kansa'. Nilivyomsomea mama mmoja akaniuliza, kwa hiyo nyie mnatabiri nani atapata kansa? Mwenzangu anasema tuweke 'ubashiri', daktari anataka 'matarajio'. Kipi sahihi? Halafu huo usalama wa mimea nao sijauelewa. Na mwisho, ni mitishamba au miti shamba?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza huyo mama mnunulie soda, maana kaisoma karatasi vizuri kuliko aliyeitafsiri. Kosa ni la karatasi.

Utabiri kwa mtu wa kawaida ni wa hali ya hewa au wa mnajimu, basi. Neno lenyewe lilikuja na Kiarabu na huko asili yake inahusu kufasiri ndoto, na hata kwetu mtu akiota anazama baharini asubuhi anatafuta wa kumtabiria. Sasa ukishasema "utabiri wa kansa", kile kihusishi "wa" kinamwambia msikilizaji kuwa kinachotabiriwa ni kansa yenyewe, yani kama itakuja au haitakuja, kama vile utabiri wa mvua. Wakati wanachotaka kusema wenye utafiti ni kitu kingine kabisa: mtu kansa tayari anayo, imeshapimwa na kinyama kimeshakatwa kikapelekwa maabara, swali lililobaki ni ugonjwa utaendaje kuanzia hapo.

Ubashiri haukusaidii. Zamani ungeweza kupita, ila siku hizi ukisema kubashiri kijana yeyote anawaza mkeka, timu gani inashinda na odi ngapi. Na kwenye asili yake ya Kiarabu bashiri ni kuleta habari njema, ndugu yake ni bishara. Kwa hiyo unamwekea mgonjwa wa kansa neno lenye mchezo wa kubahatisha upande mmoja na habari njema upande mwingine, na yeye hana hata kimoja.

Matarajio ya daktari nayaelewa yalikotoka, yamekaa kiungwana, lakini jaribu kuyaweka kwenye sentensi uone. "Matarajio yako si mazuri." Hapo mgonjwa anasikia kama anasemwa, kana kwamba yeye ndiye anatarajia vibaya! Kutarajia kuna mtu anayetarajia na kuna tumaini ndani yake, ndo maana tunatarajia mgeni, tunatarajia mtoto, hatutarajii msiba. Hatima nayo usiiguse, imeshafika makaburini kabla ya mgonjwa.

Mimi nashika "mwelekeo wa ugonjwa". Halina uchawi wala kamari ndani yake, na linaonyesha mwendo, maana mwelekeo unaweza kubadilika ukipata tiba au ukichelewa. Linakubali pia kunyumbulika: viashiria vya mwelekeo wa ugonjwa, mwelekeo mzuri, mwelekeo mbaya, ugonjwa unaelekea wapi. Ukiwa unaongea na mtu uso kwa uso achana na nomino, tumia kitenzi: "tunataka kujua ugonjwa wako unaelekea wapi". Kiswahili kinapenda vitenzi bana, sijui kwa nini watafsiri wetu wanaviogopa.

Na hapa nitakaa kidogo maana kuna kitu kibaya zaidi ya hilo neno, ambacho wewe hukukiuliza lakini najua utakikuta ukurasa wa pili. Watafiti wa kansa wanapima mwelekeo kwa kuhesabu wangapi wako hai baada ya miaka 5 tangu ugonjwa kugunduliwa. Sasa mtafsiri anaandika "asilimia 60 ya wagonjwa wanaishi miaka 5". Msomee mtu yeyote hiyo sentensi, anasikia kwamba amebakiziwa miaka mitano, ya sita hayupo. Kumbe miaka 5 hapo ni alama tu ya kuhesabia, wengine wanaipita wakaendelea na maisha mpaka wazeeke wafe na kitu kingine. Andika hivi: "Kati ya watu 100 wenye kansa ya aina hii na wa hatua hii, miaka 5 ikishapita, 60 bado wako hai" (hiyo 60 ni mfano wa sentensi tu, wewe weka ya kwenye utafiti wako). Neno linalobeba mzigo hapo ni "bado". Ukilitoa umemhukumu mtu. Na uongeze kwamba hesabu ni ya kundi, siyo ya yeye aliyekaa mbele yako, maana aina ya kansa, hatua iliyofikia, umri, hali ya mwili na tiba anayopata vyote vinavuta huku na huku.

Twende kwenye usalama wa mimea. Tatizo ni lile lile "wa". Usalama wa raia ni raia kuwa salama, usalama wa mali ni mali isiibiwe, kwa hiyo usalama wa mimea ni mimea isiliwe na mbuzi. Kuna wakati tunaelewana, "usalama wa chakula" watu wa viwango wanamaanisha chakula kisimdhuru mlaji, lakini angalia hata hapo vurugu iliyopo, kuna wanaotumia maneno hayo hayo kumaanisha chakula kisipungue, mpaka wengine wakaamua kutenganisha wakasema uhakika wa chakula. Kwenye karatasi ya mgonjwa huna nafasi ya vurugu hiyo. Sema "kama mimea dawa inamdhuru anayeitumia au haimdhuru". Ni ndefu ndio, lakini hakuna atakayekuuliza inamaanisha nini.

Tena neno salama lenyewe halisimami peke yake, lazima useme salama kwa nani, kiasi gani, ukichanganya na nini. Balungi ni tunda, unakula unatupa ganda. Lakini mtu anayemeza nilotinibu, vidonge vya aina mojawapo ya kansa ya damu, anakatazwa balungi, kwa sababu linazuia mwili usiivunje dawa kwa kasi yake ya kawaida na dawa inajazana kwenye damu. Balungi halina kosa na kidonge hakina kosa. Ndo maana ile sentensi ya matangazo, "dawa yetu ni ya asili, haina kemikali, ni salama kabisa", kwa lugha tu imeshaanguka kabla daktari hajafungua mdomo. Kila mmea umejaa kemikali, hilo jani la mwarobaini lisingekuwa chungu bila kemikali. Sisi wasemaji ndo tumeligeuza kemikali likawa jina la sumu ya kiwandani. Na mwarobaini huo huo, mafuta yake wakinyweshwa watoto wadogo yanaweza kuwaharibu ini na ubongo, liliripotiwa Malaysia mwaka 1981.

Kwa hiyo utahitaji kutenganisha maneno manne ambayo karatasi nyingi zinayachanganya. Athari ni matokeo yoyote, mazuri au mabaya, japo mtaani limeelemea ubaya. Madhara ni ubaya tu. Sumu ni kile kitu chenyewe kinachodhuru. Halafu kuna maudhi, hili wewe nesi unalijua vizuri kutoka kliniki ya uzazi wa mpango, "maudhi madogo madogo", kichefuchefu, kichwa kuuma, vitu vinavyokera vikapita. Mi nalipenda sana hili neno, limezaliwa kazini kwenu wala halikutoka kwenye kamati, ila lisivuke mpaka wake. Figo ikifa siyo maudhi.

Nakupa mfano wa figo kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Ubelgiji kuna wanawake walikuwa wanapewa vidonge vya mitishamba ya Kichina kwenye kliniki ya kupunguza uzito, ndani mkawa mmeingia mmea wa jamii ya aristolokia. Zaidi ya 100 figo ziliharibika, na miaka ikapita wengine wakakutwa na kansa kwenye njia ya mkojo. Leo asidi ya mmea huo iko kwenye orodha ya vitu vinavyojulikana kusababisha kansa kwa binadamu. Sasa ukiandika "dawa haikuonyesha madhara" bila kusema kwa muda gani uliangalia, hujasema kitu. Andika "ndani ya miezi 3 hatukuona madhara". Hiyo "ndani ya" ina thamani.

Sentensi nyingine ya kuogopa ni "mmea huu unahusishwa na kansa". Unahusishwa vipi, unaiponya au unaileta? Chukua mnyaa, ule wa fensi wenye vijiti vya kijani na utomvu mweupe, huko kwenu Kanda ya Ziwa umejaa, wengine wanauita manyara. Brazili kuna watu wanakunywa utomvu wake kama dawa ya kansa. Maabara nako watafiti wameona utomvu huo huo unaweza kumwamsha kirusi cha Epstein-Barr aliyelala ndani ya seli, na kirusi huyo ndiye anayehusika na uvimbe wa kansa wa taya za watoto ambao daktari Denis Burkitt aliuandika akiwa Uganda mwaka 1958, ukabeba jina lake. Mmea mmoja, "unahusishwa na kansa" pande zote mbili, na karatasi yako inabidi imwambie mama upande upi. (Na utomvu ukiingia jichoni ni balaa, hilo halihitaji utafiti.)

Ukitaka kuona mmea na mwelekeo wa ugonjwa vinakutana bila utata, kuna yale maua ya rangi ya waridi na meupe watu wanapanda uani na makaburini, asili yake Madagaska, kitaalamu Catharanthus roseus. Wakanada walipelekewa majani yake kutoka Jamaika miaka ya 1950 kwa sifa kwamba yanatibu kisukari, wakayajaribu kwa panya, sukari haikufanya chochote cha maana ila chembe nyeupe za damu zikashuka. Hapo ndo ikatoka dawa ya kansa iitwayo vinblastini, na baadaye vinkristini ambayo bado ipo kwenye dripu za watoto wenye kansa ya damu. Zamani hizo mtoto mwenye ugonjwa huo mwelekeo wake ulikuwa mmoja tu, leo kwenye nchi zenye huduma kamili kama watoto 9 kati ya 10 wanapona, kwa dawa kadhaa pamoja na hiyo. Lakini vinkristini ni sumu, inazuia seli zisigawanyike, inaleta ganzi miguuni, na ikichomwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo inaua. Inahitaji majani makavu mamia ya kilo kupata gramu moja. Aliyechemsha majani hayo kwenye sufuria hajanywa vinkristini, kanywa kitu kingine ambacho hakuna aliyekipima. Ndo maana "mmea salama" na "dawa salama" usiviandike kama kitu kimoja.

Halafu tibu na ponya. "Inatibu kansa" kwa mwandishi wa utafiti ni kwamba inatumika katika matibabu, kwa mama wa Mwanza ni kwamba inaimaliza. Wote wana haki, Kiswahili kinaruhusu. Mwaka 2011 watu walijaa Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500, wakarudi wanasema wametibiwa, na kutibiwa kweli walitibiwa kwa maana ya kupewa dawa, ila kupona ni habari nyingine. Kwenye karatasi yako ponya iwe ponya, punguza iwe punguza ("inapunguza ukubwa wa uvimbe"), na tibu ukiitumia ifafanue hapo hapo.

Kichwa kipya basi: "Mimea dawa inayotumiwa na wagonjwa wa kansa: je, inawadhuru, na inabadili vipi mwelekeo wa ugonjwa wao?" Kansa au saratani chagua moja usichanganye. Saratani ndo ya redioni na ya Wakenya kwenye taarifa za habari, ila huyo mama kasema kansa, mi ningebaki na lake.

Mitishamba naandika neno moja, na upatanisho wake ni wa miti: mitishamba hii inatumika. "Mitishamba hizi" naiona sana, wanavutwa na neno dawa lililo kichwani mwao. Ukitaka "hizi" andika dawa za mitishamba hizi.