Hati zafanya kawa ndani ya sefu

Dada, umeuliza mbona pasipoti na hati ya nyumba zafanya kawa, yaani ukungu, sefuni; si uchafu. Sefu ya kuzuia moto kuta zake zimejazwa mchanganyiko ulioshika maji. Moto ukiwaka hugeuka mvuke, karatasi zisiungue. Siku za kawaida unyevu huo hupenya ndani pole pole, na hewa ya Mombasa nayo ina unyevu. Tia vifuko vya silika jeli, punje za kufyonza unyevu; ya buluu ikigeuka waridi badilisha. Fungua mlango dakika 20 kila wiki, ila si siku ya mvua. Hati zianike kivulini kwanza ndipo uzitie mfuko wa zipu. Zikiwa mbichi umeifungia kawa humo humo. Sefu isiguse ukuta wa mawe ya matumbawe, hufyonza maji ya chini.